Mvishaji wa Nachingwea na Fahali Mweusi

Raudha alimwona fahali kwanza, mwenye kamba baadaye. Ndivyo macho yake yalivyozoea: huanza na kitu, kisha huulizia kimeshikwa na nani.

Ilikuwa siku ya mnada Ruangwa. Alikuwa ametoka Nachingwea alfajiri kuja kuchambua mitumba kabla haijashikwashikwa na watu, na tayari alikuwa na jaketi la ngozi lisilo na zipu na kofia mbili za majani, aliposikia muziki. Muziki ulitoka kwenye spika ndogo iliyoning'inia shingoni mwa kijana. Kijana alishika kamba. Mwisho wa kamba alisimama fahali mweusi, nundu imejaa, ngozi inang'aa kama viatu vya askari wa gwaride.

Alimsoma kijana kwa mkupuo mmoja, kutoka chini kwenda juu: buti za mvua, shuka la bluu, fimbo, mwavuli begani, kofia ya pama. Mfugaji. Mtu wa Kanda ya Ziwa, ng'ombe wengi, mji kidogo. Kusoma nguo ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwa maoni yake mwenyewe hakuwahi kukosea.

"Nani anaimba hapo?" aliuliza.

"Mimi, dada."

"Usinitanie."

"Ni mimi kweli. Naitwa Shija. Najirekodi mwenyewe, kwa simu, chini ya blanketi ili upepo usiingie. Nyimbo ninazo. Tatizo langu sina video."

Raudha alimzunguka taratibu, kama mtu anayekagua gari kabla ya kulinunua.

"Tatizo lako si video," alisema. "Tatizo lako ni buti."

Shija alizitazama buti kwa masikitiko. "Zina nini?"

"Hazina kosa. Ni nzuri kwa tope. Lakini kwenye kioo cha simu, msanii wa buti anaangaliwa na shangazi zake tu. Mimi ni Raudha, mvishaji wa wasanii. Dar wanatuita mastailisti."

"Umewavisha akina nani?"

"Siwezi kutaja. Wateja wangu wakubwa hawapendi kutajwa."

Hilo lilikuwa kweli, kwa namna yake. Wateja wakubwa hakuwa nao, na mtu asiyekuwepo hapendi chochote.

*

Mfumo wa kazi yake unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ulikuwa mfumo.

Raudha alikaa barazani kwa Fundi Hassani, karibu na soko la Nachingwea. Kila aliyewahi kushonesha nguo anaijua kauli ya mafundi: njoo Alhamisi. Watu hudhani Alhamisi ni uvivu. Kwa Fundi Hassani haikuwa uvivu hata kidogo. Fundi alikuwa mwepesi wa mkono. Nguo ikiisha Jumatatu, mwenyewe aliambiwa Alhamisi, na katikati hapo nguo ilitoka kwenda kazini. Ilikwenda kupigwa picha. Ilikwenda Marambo mwilini mwa mshereheshaji wa harusi. Ilikwenda Kiegei kwa kijana anayezindua wimbo wake wa kwanza. Kisha ilirudi, ikapigwa pasi, vifungo vikakaguliwa, ikakabidhiwa kwa mwenyewe, ambaye aliinusa na kufurahi kwamba ni mpya. Haikuwahi kupotea hata moja. Raudha aliuita huo uaminifu. Alikuwa anaazima tu. Tofauti ni kwamba aliyeazimwa hakuambiwa.

Ifahamike pia kwamba kipaji alikuwa nacho. Angeweza kuchukua kanzu, mkanda wa baiskeli na miwani ya bibi akamfanya mvulana wa duka la mbolea aonekane mtu wa kulindwa na mabaunsa. Kilichomkosesha usingizi ni baraza. Hakuna msanii wa maana anayekuja kuvishwa barazani, katikati ya vipande vya vitambaa na kuku wa jirani. Alihitaji fremu, chumba cha duka cha kupanga. Na fremu yenyewe ilikuwepo: ile ya kioo, inayotazama stendi, mali ya mzee Halfani. Kila basi la Masasi na Lindi lilisimama mbele yake.

Fremu hiyo ilitakiwa pia na Kulthumu, muuza vijora, ambaye alikuwa na pesa taslimu. Ila mzee Halfani hakuwa akiwaza pesa. Alikuwa akiwaza nyama. Mjukuu wake Hajra alikuwa anatolewa mwali, na shemeji yake wa Marambo, msimu uliopita, alimtoa wake kwa kuchinja ng'ombe mzima. Tangu siku hiyo mzee hakulala vizuri.

"Mwenye pesa atasubiri," alimwambia Raudha. "Nikipata fahali, lakini fahali hasa, si ndama aliyevimba minyoo, siku akilala chini nakupa ufunguo. Mbele ya watu."

Basi pale mnadani Raudha alipomtazama yule mnyama mweusi, hakuona ng'ombe. Aliona kioo kikubwa, na jina lake juu yake kwa rangi ya dhahabu.

*

Shija alifika Nachingwea wiki hiyohiyo kuchagua nguo. Raudha alimkalisha kwenye stuli, akamwonyesha suti ya rangi ya damu ya mzee, bitana la hariri, vifungo vya shaba.

"Lo!" alisema Shija. "Hii imetoka wapi?"

"Imeshonwa maalumu," alijibu Raudha. Fundi Hassani, nyuma ya cherehani, alikohoa. Ilikuwa imeshonwa maalumu kwa Amiri, kijana wa benki, aliyekuwa anaoa mwezi huo.

Baada ya suti lilifuata joho jeusi la mahafali la mwalimu Fatma, lililoletwa kupunguzwa mikono.

"Hili la nini, dada?"

"La beti ya pili. Unasimama kwenye miamba, upepo unalipeperusha. Watu watajiuliza umesoma wapi."

"Nimeishia darasa la tano."

"Ndiyo maana watajiuliza."

Kisha wakaja kwenye malipo. Raudha alieleza kwa upole kwamba mavazi, mpiga picha na uongozaji wa video vyote pamoja vilikuwa na thamani ya fahali. Nguo zingebaki mali ya Shija milele, isipokuwa kwamba baada ya kupiga picha zingerudi kwanza barazani kwa usafi wa kitaalamu. Usafi huo, kwa mpango wake, usingeisha kamwe.

Shija alikuna kisogo. "Fahali ni mkubwa, dada."

"Na jina lako ni dogo. Tunabadilishana."

"Wazee wangu watasemaje?"

"Wakikuona kwenye simu ya jirani, watasema tulijua tu."

Kijana alifikiri kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu anayejitoa mhanga. Mwishowe alikubali kwa sharti moja. "Kwetu mtu akitoa ng'ombe, watu wanaona. Awepo kwenye video. Na wewe mwenyewe ndiye umshike kamba, ukimvuta, ukiimba kiitikio. Nitakufundisha. Ni wimbo wa shukrani, unataja watu."

Raudha alijifanya kusita. Kusema kweli, alikuwa ameshajichagulia gauni la kuvaa kwenye video hiyo kabla hata Shija hajavua buti.

*

Walipiga picha nje kidogo ya Ruangwa, penye miamba. Kamera ilishikwa na Saadi, kijana wa huko mwenye studio ya chumba kimoja, ambaye kama Raudha hakujua Kisukuma, lugha ya wimbo, zaidi ya salamu. Haikuwa shida. Wimbo ulikuwa na mdundo wa kumfanya maiti atikise bega.

Raudha alikuwa katika ubora wake. Alimwondolea Shija kofia ya pama akamvika ya majani, akaikunja ukingo upande mmoja. Alimfungua kifungo cha juu, akakifunga, akakifungua tena. Alimwambia asicheke, kwa sababu wasanii wakubwa hawana cha kuchekea. Ilipofika zamu yake aliingia kwenye picha na gauni la njano, akamvuta fahali kwa kamba, akaitazama kamera, akaimba kiitikio alichokariri neno kwa neno, kwa hisia, akijipigapiga kifua.

"Umeimba kama umezaliwa Kwimba," alisema Shija, machozi yakimlengalenga.

"Maneno yana maana gani?"

"Yakitafsiriwa yanapoa, dada. Acha yabaki na moto wake."

Mzee Halfani alikuwa ameleta lori aina ya Kenta la mpwa wake, lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha ufuta. Fahali hakutaka kupanda. Raudha, dereva na Saadi walisukuma na kuvuta, na katikati ya purukushani hiyo Shija alisogea, bado amevaa suti, joho mkononi.

"Dada, naenda kumwonyesha mama hizi nguo. Kesho asubuhi nakuletea za kufuliwa."

"Vua sasa hivi!" alipiga kelele Raudha. Hapo fahali akarusha teke, na akalazimika kuikamata kamba kwa mikono yote miwili. Mtu ana mikono miwili tu. Alipogeuka, bodaboda ilikuwa imeshaondoka, na joho la mwalimu Fatma lilikuwa linapepea nyuma yake vilevile alivyokuwa ameagiza mwenyewe.

*

Kesho haikuleta nguo. Haikuleta simu pia. Namba ya Shija haikupatikana. Fundi Hassani alianza kuwaambia wateja waje Alhamisi nyingine, kwa sauti iliyokuwa inapungua kila siku.

Raudha hakutetereka. Suti ni kitambaa, alijiambia. Fahali ni fremu. Mnyama alifungwa uani kwa mzee Halfani, na watu walipita kumsalimu kama mgonjwa mashuhuri. Kulthumu naye alipita.

"Kumbe siku hizi fremu zinapangwa kwa mkia," alisema.

"Kwa mkia, pembe na nundu, shoga. Wewe endelea na vijora vyako."

Video ilitoka Ijumaa. Nachingwea nzima ilitingishika. Watoto walicheza, bodaboda waliifanya mlio wa simu, na mwalimu Fatma pekee ndiye aliyeirudia mara nyingi akiwa amekunja uso. Raudha aliitazama huku akijitazama. Alikuwa amependeza. Kiitikio kilimkaa mdomoni, na alikiimba sokoni kwa sauti, akichagua nyanya.

*

Siku ya kumtoa mwali, ua wa mzee Halfani ulijaa tangu asubuhi. Ngoma zilikuwa zimeshapashwa moto, wanawake wa Kiegei walikuwa wamevaa sare ya zambarau, na shemeji wa Marambo alikuwa amekaa mbele kabisa ili asikose kuona kile atakachokuja kukidharau. Ufunguo wa fremu ulikuwa mfukoni mwa kanzu ya mzee; Raudha aliuona ukivimba pale. Mchinjaji alikuwa ananoa kisu. Fahali alikuwa ameshafungwa miguu.

Pikipiki nne ziliingia uani kwa pamoja. Kwenye ya kwanza alipakiwa mama mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa imara. Nyuma yake walikuja wanaume wenye fimbo.

"Mwangaluka," alisalimu yule mama kwa Kisukuma, kwa adabu. "Poleni na shughuli. Naitwa Marystella, nakaa Nkowe. Naomba msimchinje ng'ombe wangu."

Ngoma zilinyamaza moja moja.

"Mama, umepotea nyumba," alisema mzee Halfani. "Huyu nimepewa na binti huyu hapa."

"Namjua binti. Nimemwona." Marystella alitoa simu kifuani. "Aliimba mwenyewe."

Akaiwasha video, na safari hii kila mstari ulipoisha aliusimamisha na kuutafsiri, pole pole, kama mkalimani wa mkutano wa hadhara. Beti ya kwanza ilieleza jinsi fahali wa mama Marystella alivyopotea malishoni. Beti ya pili ilieleza jinsi mchungaji wake mwaminifu, Shija, alivyozunguka mapori yote bila kula akimtafuta. Beti ya tatu ilisema: amepatikana, tazameni, yuko na msichana wa gauni la njano, mtoto wa Nachingwea, anamvuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha kiitikio kikaanza, na Raudha akajisikia mwenyewe akiimba kwa hisia.

"Hapo," alisema kwa sauti ndogo, "hapo nasemaje?"

"Unasema: nimemchukua, nimemchukua, wa Marystella nimemchukua. Anayenidai aje Nachingwea." Marystella alizima simu. "Nimekuja."

Mzee Halfani aliinama, akatazama sikio la fahali. Lilikuwa limekatwa alama, pembetatu mbili, safi kabisa. Wanaume wenye fimbo wakageuka pamoja, kila mmoja akashika sikio la ng'ombe wake wa kufikirika na kuonyesha: pembetatu mbili. Hakuna mtu katika Nachingwea yote aliyekuwa amewahi kulitazama sikio. Huku, mtu akishika ng'ombe, ng'ombe ni wake. Nani angedhani mnyama anaweza kuchungwa na huyu na kumilikiwa na yule?

"Mimi sikuiba," alisema Raudha. "Nilipewa na huyo Shija. Kwa malipo. Nilimvisha."

Marystella alimtazama kwa mara ya kwanza bila hasira. "Ulimvisha wewe?"

"Suti, kofia, joho."

"Suti ya damu ya mzee?"

"Hiyohiyo."

Mama huyo alikaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima bila kukaribishwa. "Alikuja kwangu nayo juzi. Akapiga magoti. Akanionyesha hiyo video, analia, anasema mama, nimempata ng'ombe wako. Nikasema kijana huyu, kwa suti ile, hawezi kuwa mwongo. Kwetu anayerudisha ng'ombe aliyepotea anapewa asante. Nikampa mtamba."

"Ukampa mtamba!"

"Mtamba mwenye mimba."

Wanawake wawili wakatazamana. Ilikuwa ni kama watu waliokutana dirisha la hospitali wakagundua wanaumwa kitu kimoja.

"Basi na ng'ombe wake mwenyewe ameenda nao wapi?" aliuliza Raudha.

"Ng'ombe wapi? Shija hana hata kuku. Nilimwajiri kuchunga. Alikuja hana hata kandambili. Zile buti za marehemu mume wangu. Shuka pia, mwavuli pia."

Fedheha ya mwizi Raudha angeibeba. Hii nyingine ilimkaa pabaya zaidi. Kijana alikuwa amevishwa ufugaji kutoka kichwani hadi miguuni, akasimama mbele ya mvishaji, na mvishaji akamwamini.

"Lakini ile suti," Marystella aliuliza, "hasa ni ya nani?"

"Ya Amiri," alisema Raudha, maana alikuwa amechoka.

"Amiri ni nani?"

"Ni mimi," alisema kijana wa benki, aliyekuwa amesimama nyuma na sahani ya wali mkononi. Karibu naye mwalimu Fatma akaweka sahani chini taratibu. Wote wawili wakageuka kumtafuta Fundi Hassani, ambaye sekunde chache kabla alikuwa hapo, akila. Uzio wa nyuma ulikuwa bado unatikisika.

*

Marystella hakwenda polisi. Angelazimika kueleza habari ya mtamba. Fahali alifunguliwa miguu, akaondoka Nachingwea kwa heshima zote, na shemeji wa Marambo alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea barabarani, usoni mwake kukiwa na amani ambayo hakuna ubwabwa ungeweza kuileta.

Kulthumu alituma mbuzi. Walifika uani kabla wageni hawajaanza kuaga, wanono, wamefungwa kamba nyekundu, na mzee Halfani, ambaye wakati huo angemshukuru mtu hata kwa njiwa, aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu. Ufunguo ulitolewa mbele ya watu, kama alivyoahidi.

Amiri alioa kwa suti ya kahawia, iliyoshonwa haraka kutoka kwenye kitambaa kizito ambacho Raudha alikuwa amekihifadhi kwa ajili ya pazia la fremu. Ilimkaa vizuri, ingawa alipopita karibu na dirisha watu walishikwa na hamu ya kumvuta upande. Mwalimu Fatma alilipwa joho jipya, na Fundi Hassani alirudi barazani baada ya kuhakikisha kwamba ni salama, akiwa na sera mpya: nguo ikiisha, mwenyewe anapigiwa simu hapohapo. Sera hiyo ilimtia homa.

Video, kwa upande wake, haikusimama. Ilipita Liwale, ikapita Tunduru, ikafika mpaka Kanda ya Ziwa kwenyewe, ambako watu waliitazama kwa kicheko cha kupoteza pumzi. Msichana wa gauni la njano akawa anajulikana na maelfu ya wafugaji ambao hawakujua Nachingwea iko upande gani. Na kwa kuwa hata anayecheka huona, waliona pia kwamba suti ilikuwa imekaa, kofia imekunjwa inavyotakiwa, na joho lilipeperuka pale penye miamba kama bendera ya nchi tajiri.

Ndipo simu ilipolia. Raudha alikuwa barazani, anapachika zipu kwenye lile jaketi la ngozi.

"Wewe ndiye dada wa fahali?"

"Ndiye," alisema. Hakuwa na nguvu ya kubisha.

"Mimi Jeremia, msanii, niko huku njia ya Liwale. Naandaa video. Nataka univishe kama Shija, lakini zaidi. Koti refu, miwani, kila kitu. Watu wakiniona wakose la kusema."

Mkono wake ulishaanza kutafuta chaki. Koti refu alilijua tayari, hata rangi yake. Kitambaa chake kilikuwa kimeletwa asubuhi ile na mke wa mjumbe.

"Inawezekana," alisema. "Malipo?"

"Pesa kwa sasa imekaa vibaya, dada. Lakini nina pikipiki. Mpya kabisa, hata nailoni ya siti haijatolewa. Njoo uichukue hata kesho."

Raudha aliiweka chaki chini. Alimtazama Fundi Hassani, Fundi Hassani akamtazama yeye, na cherehani ikasimama.

"Ya nani?" aliuliza.

Upande wa pili alisikia upepo, na jogoo, na mtu akimeza mate.

Kisha simu ikakatwa.